Bamvua la sikukuu

Na Mwandishi Wetu

*Kila Idi el-Fitri maelfu ya watoto huingia baharini saa ileile ambayo maji hupanda kwa kasi kuliko siku nyingi nyingine. Majedwali ya bandari yanalijua hilo. Fukwe zetu nyingi hazina wa kulisema.*

Idi pili, saa saba mchana, ufukwe wa Coco, Oysterbay, Dar es Salaam. Daladala na bajaji zinamwaga watu kandokando ya barabara, moshi wa mihogo na mishikaki umetanda, na watoto waliotoka Tandale, Mbagala na Gongo la Mboto wanavua viatu vipya vya sikukuu kabla havijaingia mchanga. Bahari imerudi mbali. Miamba imetoka nje, mchanga uliolowa unang'aa, na katikati ya miamba kuna vidimbwi vya maji ya vuguvugu ambamo hata mtoto wa miaka minne anaweza kukaa akacheza.

Mtoto wa darasa la tatu anakwenda mbele kidogo, hadi maji yanapomfika magotini. Hapo anasimama na wenzake, wanarushiana maji. Mama yake ametandika kanga kivulini. Kila akiinua macho anaona maji ya magotini. Hana sababu ya kumwita.

Saa nane, mtoto huyo akiwa amesimama palepale bila kusogea hata hatua moja, maji yatakuwa yamempita mabega. Ikifika saa tisa, mahali hapo baba yake naye hatagusa chini na kichwa kikabaki nje.

Huyo mtoto si mmoja, wala mwaka si mmoja. Hiyo ni hesabu, na hurudi kila Idi el-Fitri katika mwambao wote, kuanzia Lamu hadi Mtwara. Wavuvi wanaijua. Manahodha wanaijua. Mamlaka za bandari huiweka kwenye majedwali ya maji kila mwaka. Wasioijua ni wale wanaokwenda pwani mara mbili au tatu kwa mwaka, na siku za sikukuu hao ndio wanaoujaza ufukwe.

Mwezi ukiandama

Mwezi na jua vyote huivuta bahari. Mwezi unapokaribia kuandama, na tena unapokuwa mpevu, vyote viwili huvuta katika mstari mmoja, na maji huja na kurudi kwa upeo mkubwa: hilo ndilo bamvua. Kilele chake hufika siku moja au mbili baada ya mstari huo. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, bahari ikawa kama imechoka. Kwenye mwambao wetu, tofauti ya kimo kati ya maji kupwa na maji kujaa wakati wa bamvua ni mita 3 hadi karibu mita 4. Wakati wa maji mafu huweza kushuka hadi karibu mita 1.

Idi el-Fitri ni siku ya kwanza ya Mfungo Mosi. Mwezi unaoonekana magharibi ya kuamkia Idi ni mwezi uliopita kwenye mstari huo siku moja au mbili kabla. Hivyo Idi mosi na Idi pili huangukia kileleni mwa bamvua, mwaka hadi mwaka, bila kukosa. Ni sikukuu chache zinazofungamana na maji makubwa namna hii.

Kuna jambo la pili, zito kuliko hilo. Katika mwambao huu saa za bamvua hazihami sana. Maji hupwa kabisa kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, na hujaa kabisa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Siku ya Idi pili, kilele cha kujaa huwa karibu saa kumi na moja. Familia inayokula pilau nyumbani, ikasubiri jua lipungue kidogo, ikapanda gari, hufika pwani wakati bahari ndiyo inarudi kwa nguvu zake zote.

Tena maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana kanuni ya zamani: kimo chote hugawanywa mafungu 12, na kujaa huchukua takriban saa sita. Saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, na ya mwisho 1. Chukua bamvua la mita 3 na nusu. Saa ya kwanza maji hupanda chini ya sentimita 30, na mzazi hata hashtuki. Saa ya tatu hupanda karibu sentimita 88, na saa ya nne vivyo hivyo. Maji yakiwa yamepwa saa tano asubuhi, saa hizo mbili za hatari ni kuanzia saa saba hadi saa tisa mchana.

> Kati ya saa saba na saa tisa mchana wa Idi pili, bahari inaweza kupanda karibu sentimita 90 kila saa.

Idi el-Hajj ina hali nyingine. Huwa mwezi 10 Mfungo Tatu, siku chache tu baada ya mwezi kufika nusu, na mara nyingi hukuta maji mafu. Pasaka hubadilika: kwa kuwa ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu, inaweza kuangukia kwenye bamvua kabisa au karibu na maji mafu. Krismasi na Mwaka Mpya havifuati mwezi. Hapo ni lazima kutazama jedwali. Haya yote yanahesabika miaka kadhaa mbele, na ndiyo maana ninasita kuita bahati mbaya kifo kinachotokea saa nane mchana wa Idi. Kudra ya Mungu haina mjadala. Lakini mtu aliyejua saa ya maji na akanyamaza, huyo ana swali la kujibu.

Mlango wa mwamba

Kina kikizidi mtoto hukosa pa kukanyaga. Kinachomchukua baada ya hapo ni mkondo.

Sehemu kubwa ya mwambao wa Afrika Mashariki ina ukuta wa miamba ya matumbawe mbele yake. Mawimbi hupita juu ya ukuta huo na kumwaga maji upande wa ndani, na maji hayo lazima yatafute njia ya kurudi. Hurudi kwa kupitia milango, yaani sehemu ambazo mwamba umekatika na kina kimeongezeka. Kwenye fukwe za mchanga mtupu jambo hilohilo hutokea penye pengo kati ya fungu na fungu. Mkondo unaorudi hivyo mara nyingi huenda polepole, sentimita 30 hadi 60 kwa sekunde. Bahari ikichafuka umepimwa ukipita mita 2 kwa sekunde, na huo ni mwendo wa bingwa wa Olimpiki anapoogelea mita 100.

Ubaya wake ni kwamba unapendeza. Mahali mkondo unapotokea mawimbi huwa hayavunjiki, kwa sababu kina ni kirefu. Uso wa maji unaonekana laini, wenye rangi nzito kuliko pembeni, labda na povu au mchanga unaosogea kuelekea nje. Mgeni wa bahari akisimama nchi kavu akatafuta pa kuingia, macho yake humpeleka hapohapo: upande huu mawimbi, upande ule mawimbi, katikati shwari. Anaingia katikati.

Aliyenaswa na mkondo hufa kwa kuchoka. Anageuka, anaona watu ufukweni, anapiga mikono kuwafuata, na kila akipiga anazidi kuwa mbali. Ushauri wa miaka mingi umekuwa usishindane nao: ogelea sambamba na ufukwe hadi utoke kwenye mkondo, kisha rudi kwa mshazari, pale mawimbi yanapovunjika. Mwaka 2010 Jamie MacMahan, mtafiti wa Monterey huko California, na wenzake walitoa matokeo yaliyotikisa ushauri huo. Maboya waliyoyaachia majini yalionyesha kwamba mikondo mingi huzunguka na kurudi kwenye maji madogo, hivyo anayeelea tu akatulia ana nafasi nzuri ya kurudishwa. Watafiti wa Australia, akiwamo Rob Brander anayejulikana kwa kumwaga rangi ya zambarau baharini ili watu wauone mkondo kwa macho, walijibu kwamba mikondo haifanani, na hakuna njia moja inayofaa kila mahali.

Wote wanakubaliana juu ya hatua ya kwanza: tulia, lala chali, elea, inua mkono uonekane. Kwetu naona tahadhari iongezwe. Maboya yale yaliachiwa kwenye fukwe za mchanga, na mlango wa mwamba ni kitu kingine. Hasa maji yanapoanza kupwa baada ya saa kumi na moja jioni, ndani ya mwamba pote panajimwaga kupitia uwazi uleule, na anayeelea anaweza kutolewa hadi nje ya ukuta. Swali la kwanza la mgeni wa Matemwe, Jambiani, Diani au Kigamboni, kabla hajavua shati, liwe kwa mvuvi wa hapo: mlango uko wapi?

Upepo nao una sehemu yake. Kusi ikishika, hasa Juni hadi Agosti, upande wa mashariki wa Unguja hupigwa na mawimbi, na watu huogopa kwa kuwa wanayaona. Upande wa magharibi, kama Kendwa, bahari hutulia kama ziwa, lakini upepo huohuo unatoka nchi kavu na kusukuma nje kila kinachoelea. Mtoto aliyekaa juu ya tyubu ya gari husogezwa taratibu, akicheka, hadi mahali ambapo mwenye tyubu mwenyewe hawezi kumfuata. Tyubu ni chombo cha kuchezea penye mtu mzima aliyeishika. Haiwezi kufanya kazi ya jaketi okozi.

Anayezama hapigi kelele

Methali yetu inasema mfa maji haachi kutapatapa. Tumekua nayo, na jicho letu ufukweni hutafuta kutapatapa: mikono juu, kelele, maji yakiruka.

Francesco Pia, mwokoaji wa siku nyingi katika ufukwe wa Orchard Beach, New York, aliwapiga picha za filamu watu wakizama na kuchunguza wanachofanya. Alichokiona ni kimya. Mtu anayezama anahitaji kinywa chake kwa ajili ya pumzi, basi hana nafasi ya kupiga kelele. Mikono hufunguka pembeni na kukandamiza maji ili kichwa kitoke, hawezi kuipunga. Mwili husimama wima kama anayepanda ngazi isiyoonekana. Hali hiyo hudumu sekunde 20 hadi 60 tu, kisha anakwenda chini. Aliye hatua tano kutoka kwake anaweza kudhani anacheza.

Ndiyo maana kusema "watoto wako na wenzao" hakutoshi. Kwenye maji watoto kumi wanaotazamana wenyewe kwa wenyewe hawana anayewatazama. Aliye chini ya miaka mitano awe mahali ambapo mkono wa mtu mzima unamfikia bila kunyanyuka. Mkubwa kidogo awe na mtu mmoja, mwenye jina, aliyepewa kazi hiyo kwa nusu saa, simu yake ikiwa mfukoni, kisha apokewe na mwingine.

Kufukuza au kulinda

Kila sikukuu inapokaribia, vyombo vya dola hutoa tahadhari. Polisi wa Dar es Salaam huwakumbusha wazazi wasiwaache watoto peke yao na huweka askari fukweni. Mombasa, kwenye ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta ambao wenyeji wanauita Pirates, giza linapokaribia askari huwatoa watu majini. Hoja yao ina uzito: askari wachache hawawezi kuona vichwa elfu, na baada ya jua kuzama hakuna awezaye kuona chochote. Pombe ikiingia, kazi huwa ngumu maradufu.

Upande wa pili wapo vijana wanaosema bahari ni ya watu wote, na kwamba amri za kutoka majini huwapata wao tu. Wanaweza kuonyesha kwa kidole. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Pamoja na hayo, sehemu ndefu za pwani zimezungushiwa ukuta au zinatoza kiingilio ambacho familia ya watu wanane haikimudu. Maeneo ya bure yamebaki machache, na ndiko wote wanakosukumwa, wasiojua kuogelea wakiwa wengi. Mwenye fedha huenda hotelini kwenye bwawa lenye mhudumu. Asiye nazo hupewa bahari nzima bila mtu.

Wapo pia wanaopata riziki hapo: wakodisha tyubu, wapiga picha, vijana wa boti za kwenda visiwa vya Mbudya na Bongoyo. Ukizuia watu kuogelea siku ya Idi, umewanyima kipato cha wiki kadhaa. Na mara nyingi watu hawahawa, pamoja na wavuvi, ndio wanaofika kwanza mtu anapopotea majini. Wanaokoa bila mafunzo, bila vifaa na bila malipo, na baadhi yao huzama pamoja na wale waliowaendea.

Msimamo wangu ni huu. Kuwatoa watu majini baada ya machweo ni haki na kuendelee. Lakini zuio la mchana halijibu tatizo, kwa sababu watu huhamia mbele kidogo, kwenye kipande cha ufukwe kisicho na askari wala mvuvi. Kinachookoa ni mtu aliyefunzwa, aliyekaa juu akitazama maji. Februari 6, 1938, kwenye ufukwe wa Bondi mjini Sydney, mawimbi makubwa mfululizo yaliwabeba waogeleaji wapatao 250 kwa dakika chache. Walikufa watu 5. Waliosalia walivutwa na waokoaji wa kujitolea waliokuwa zamu hapo, wa chama kilichokuwapo tangu 1907.

> Mwenye fedha huenda kwenye bwawa lenye mhudumu. Asiye nazo hupewa bahari nzima bila mtu.

Saa nane za Desemba 26

Sisi wenyewe tuna mfano, na tunausahau upesi. Tetemeko la Sumatra la Desemba 26, 2004 lilipiga karibu saa kumi alfajiri kwa saa zetu. Tsunami ilihitaji zaidi ya saa nane kuvuka Bahari ya Hindi. Ilikuwa Jumapili, siku moja baada ya Krismasi, na fukwe zilikuwa zimejaa.

Kenya, maofisa waliotazama habari za Asia kwenye televisheni waliagiza fukwe ziondolewe watu. Alikufa mtu 1. Tanzania tahadhari haikuwafikia waogeleaji kwa wakati, na walikufa watu wasiopungua 10, wengi wao vijana na watoto waliokuwa majini eneo la Dar es Salaam. Mawimbi yalitukuta maji yamepwa, la sivyo madhara yangekuwa makubwa zaidi. Bahari iliyoiosha Pirates ndiyo iliyoiosha Dar. Tofauti ilikuwa taarifa, na mtu wa kuitekeleza ufukweni.

Leo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa kwa ukanda wa pwani mara kwa mara. Wavuvi huzisikiliza, vyombo huzuiwa kuondoka. Mwogeleaji hajioni kuwa anahusika. Asubuhi ambayo boti ya kwenda Zanzibar inasubiri bahari itulie, utakuta wanafunzi wanarukia maji mita mia chache kutoka gatini.

Kuhusu ukubwa wa tatizo, Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya 2024 kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, zaidi ya 30 kila saa. Ulaya imepunguza kiwango cha vifo hivyo kwa asilimia 68 tangu mwaka 2000. Afrika imekipunguza kwa asilimia 3, na ndilo eneo lenye kiwango kikubwa kuliko yote: vifo 5.6 kwa kila watu 100,000. Meli ikizama, kama MV Bukoba mwaka 1996 au MV Spice Islander mwaka 2011, taifa husimama, tume huundwa. Mtoto mmoja mmoja huzikwa na familia yake, na idadi haijumlishwi popote panapoonekana.

Wasichana wa Muyuni

Mwaka 2016 mpiga picha Anna Boyiazis alikwenda kaskazini mwa Unguja, akawapiga picha wasichana wa Shule ya Msingi Kijini wakijifunza kuogelea na kuokoa katika ufukwe wa Muyuni. Picha hizo zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Unaona wasichana wamelala chali juu ya maji ya kijani, wamevaa mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili na kichwa, mikono imetanda, nyuso zimetulia.

Mafunzo hayo yaliendeshwa na mradi wa Panje, wa Nungwi. Kwa watoto wengi wa kike wa mwambao, bahari iko mlangoni na ni marufuku. Mama zao na bibi zao hukusanya chaza na kulima mwani tangu utotoni, wakiwa ndani ya maji ya kiuno, bila kujua kuelea. Wazazi waliokataa mabinti wafundishwe hawakuwa wajinga; walikuwa wanalinda stara, na walioendesha mafunzo waliiheshimu hoja hiyo badala ya kuipiga vita. Walipatikana walimu wanawake, mavazi yalikidhi, na mlango ukafunguka. Ninaona hapo njia ambayo wizara za elimu za Bara na Visiwani zingeweza kuifuata kesho, kwa kuwa haikuhitaji bwawa. Ilihitaji maji ya kiuno, maji yakiwa yamepwa, na mwalimu anayejua.

Kitu cha kwanza ambacho mtoto wa pwani, wa kike na wa kiume, anahitaji kujifunza ni kulala chali na kupumua. Mitindo ya mashindano ije baadaye. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa umri wa shule wafundishwe kuogelea kwa msingi huo wa kujiokoa, pamoja na namna ya kumsaidia mwenzao bila kuingia majini.

Dumu, kamba, pumzi tano

Kuingia majini ili kuokoa ndiko kunakoua watu wema. Kaka anamwona mdogo wake, anaruka. Anayezama humshika kwa nguvu zote na kumpanda, wote wawili wanakwenda chini. Kanuni ya waokoaji ni kurefusha mkono kwa fimbo, upondo, kanga au shati. Ikishindikana, kurusha kinachoelea. Kuingia majini ni hatua ya mwisho kabisa, na uingie na kitu cha kuelea baina yako na yeye.

Kitu hicho hakihitaji kuagizwa nje. Dumu tupu la lita 20, lililofungwa kifuniko barabara, linaweza kumbeba mtu mzima juu ya maji. Afrika Kusini, taasisi ya uokoaji baharini ya NSRI ilianza mwaka 2017 kutundika maboya ya waridi kwenye nguzo kandokando ya maji, yeyote ayachukue panapotokea dharura, na yamesaidia kuokoa watu zaidi ya 100. Sisi tuna madumu katika kila nyumba. Nguzo moja kila mita mia, dumu lililopakwa rangi kali, kamba ya mita 20 au zaidi, na maandishi makubwa: RUSHA, USIINGIE. Chini yake namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Akitolewa majini, msimning'inize kichwa chini wala kumkanyaga tumbo. Maji ya tumboni hayamuui. Anakufa kwa kukosa hewa, na kukamua tumbo humfanya atapike na kuvuta matapishi mapafuni. Mlaze chali mahali pagumu. Kama hapumui, inua kidevu, bana pua, mpulizie. Mwongozo wa Ulaya unaanza na pumzi tano, kisha mibano 30 ya kifua na pumzi 2, kwa zamu, bila kuacha hadi apumue au msaada ufike. Akizinduka, mlaze ubavu na apelekwe hospitali hata akisema yuko sawa, kwa maana mapafu yaliyoingiwa maji yanaweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

Kikao cha madiwani

Umoja wa Mataifa, kwa azimio la Aprili 2021 lililoongozwa na Bangladesh na Ireland, uliitenga Julai 25 kuwa siku ya kuzuia vifo vya maji duniani. Kwetu siku hiyo hupita kwenye semina. Ningependa ihamie kwenye bajeti.

Halmashauri na kaunti zenye fukwe za umma zinajua idadi ya siku ambazo watu hufurika: Idi mbili, Pasaka, Krismasi, Mwaka Mpya, na siku kadhaa za kitaifa. Hazifiki hata 20 kwa mwaka. Kwa siku hizo waajiriwe wavuvi na vijana wa ufukweni walewale wanaookoa bure, wafunzwe na Zimamoto, wapewe filimbi, maboya, darubini na posho. Eneo walilolipima na kuliona salama liwekwe bendera zenye nyekundu juu na njano chini, alama inayotumika duniani kuonyesha sehemu yenye mwokoaji. Saa za maji za siku hiyo ziandikwe ubaoni kwenye kituo cha daladala kwa maneno ambayo kila mtu anayajua: maji yanaanza kujaa saa tano, yanapanda haraka saa saba hadi saa tisa, yamejaa saa kumi na moja. Zitangazwe misikitini baada ya swala ya Idi na makanisani asubuhi ya Pasaka, na redio zizisome kama zinavyosoma bei za mazao.

Wakodisha tyubu walipe leseni ndogo na kwa malipo hayo wapate kamba: kila tyubu iwe na kamba iliyoshikwa na mtu. Hoteli zilizojenga kwenye mchanga wa watu zichangie nguzo na madumu ya kipande cha mbele yao, kisha ziache njia ya kufikia maji.

Mwaka wa fedha wa Tanzania na wa Kenya huanza Julai 1, na makadirio hupitishwa miezi kadhaa kabla. Majedwali ya maji yapo bandarini, na yeyote anaweza kuyaomba. Diwani yeyote wa kata yenye ufukwe anaweza kwenda kwenye kikao cha bajeti na karatasi mbili: jedwali hilo, na orodha ya sikukuu.